Rangi Mbili Zinazostahimili Kukosewa

Mwaka 1388 mwanachuoni wa China aitwaye Cao Zhao alitoa kitabu chake, Gegu Yaolun, mwongozo wa watu waliopenda kukusanya vitu vya kale na waliotaka kutenganisha kilicho bora na kilicho duni. Alivisifu vyombo vya zama za Song, vile vya rangi moja iliyotulia, visivyo na mchoro wa kumvuta mtu macho. Alipofika kwenye kauri nyeupe zilizochorwa kwa buluu, ambazo siku hizo zilikuwa bado ngeni, hakupoteza wino mwingi: vitu vya kishamba mno. Cao Zhao hakuwa mtu wa ovyo. Alisema kile ambacho wasomi wa tabaka lake walikiamini, kwamba chombo kizuri kinanyamaza na kinachopiga kelele kina upungufu. Karne sita na ushei zimepita tangu hapo. Vyombo alivyovisifu vimebaki kwenye makumbusho na kwa matajiri wachache wanaoweza kuvinunua, na vile alivyovibeza vimezunguka dunia nzima. Vimeigwa Iznik nchini Uturuki, Delft Uholanzi, Arita Japani, Puebla Meksiko na Staffordshire Uingereza. Vigae vyake vinaokotwa hadi leo kwenye fukwe za Kilwa na Pate, kila maji yanapokupwa.

Kwa nini hukumu ya mjuzi ilishindwa vibaya kiasi hicho? Majibu yanayozoeleka ni matatu. La kwanza, kwamba buluu inapendwa na kila jicho. La pili, kwamba China ilikuwa na heshima kubwa na watu walitaka kuwa na kitu chake. La tatu, kwamba biashara ikisukuma bidhaa muda mrefu wa kutosha, watu huishia kuipenda. Kila jibu lina chembe ya ukweli na hakuna hata moja linalotosheleza, kama nitakavyoonyesha. Hoja ninayoisimamia ni nyingine. Vyombo hivi vimedumu kwa sababu muundo wake wa rangi mbili unastahimili mambo ambayo huua uzuri wa vyombo vingine: kuigwa na asiyejua, kufasiriwa visivyo, kuondolewa kwenye kazi vilivyokusudiwa, hata kuvunjika. Na ushahidi ulio wazi kuliko wote hauko Delft wala Meissen ya Ujerumani. Uko kwenye kuta na makaburi ya pwani ya Waswahili, mahali ambapo vitabu vingi vya historia ya kauri hupagusia kwa aya moja na kupita.

Tuanze na moto. Kauri halisi hufinyangwa kwa kaolini, udongo mweupe, uliochanganywa na unga wa jiwe maalumu, na huchomwa kwenye joto la nyuzi 1300 hivi za Selsiasi, mpaka chombo kinakuwa kigumu kiasi cha kulia kama kengele kikigongwa. Kwenye joto hilo rangi nyingi hufa. Nyekundu ya shaba inawezekana, lakini ni rangi ya kubahatisha: tanuri likizidi au likipungua kidogo tu, inageuka kijivu au inatoweka kabisa. Kobalti hailegei. Chembe yake ndogo, chini ya sehemu moja kwa mia, inatosha kuibulisha buluu iliyokolea, na mistari ya mchoro wake hutoka tanurini karibu kama ilivyoingia. Mfinyanzi aliyetaka kuchora juu ya kauri na kuuona mchoro wake ukitoka salama hakuwa na njia nyingine ya kutegemea kiasi hicho.

Lakini kobalti iliyowafaa mafundi wa Jingdezhen, mji wa kauri wa China, haikutoka kwao. Ile bora ya mwanzo ilitoka Uajemi, na mwandishi Abu'l-Qasim wa Kashan, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi, alieleza mwaka 1301 jinsi jiwe lake lilivyochimbwa Qamsar, karibu na mji wake. Wala wazo lenyewe la kuweka buluu juu ya nyeupe halikuwa mali ya China peke yake. Katika karne ya 9 wafinyanzi wa Basra walitaka kuiga vyombo vyeupe vya Kichina wakiwa hawana kaolini. Walichukua udongo wao wa kawaida, wakaufunika kwa glezi, yaani ngozi ya kioo, iliyofanywa nyeupe kwa stani, kisha wakachora juu yake kwa kobalti. Katika karne hiyohiyo mafundi wa mkoa wa Henan walikuwa wakijaribu mchanganyiko uo huo, na sahani zao tatu zilipatikana katika jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, likiwa na shehena ya Kichina iliyokuwa ikielekea magharibi. Baadaye jaribio hilo likafifia China. Lilirudi kwa nguvu katika karne ya 14, chini ya utawala wa Wamongolia, wakati njia kati ya Uajemi na China zilipokuwa wazi na wafanyabiashara Waislamu walipokuwa wamejaa bandarini Quanzhou. Mitungi miwili inayojulikana kwa jina la Percival David, ambayo sasa iko British Museum, ina maandishi ya mwaka 1351, na ustadi wake unaonyesha kuwa kufikia hapo kazi ilikuwa imekwisha kukomaa. Kwa hiyo tangu mwanzo hiki ni chombo cha majibizano: Basra inaiga China, China inapokea rangi ya Kashan, Kashan na Tabriz zinanunua kilichotengenezwa.

Angalia kombe moja la zama hizo, mojawapo ya yale makubwa yaliyobaki katika kasri la Topkapi mjini Istanbul. Upana wake ni sentimita 40 au zaidi. Hakuna Mchina wa wakati ule aliyehitaji sahani ya ukubwa huo, kwa kuwa yeye alikula kwenye bakuli dogo la peke yake. Ni kombe la watu wanaokaa chini na kula pamoja, mkono wa kulia, kutoka chombo kimoja. Ukingoni kuna mawimbi, kisha mzunguko wa maua ya yungiyungi, kisha katikati bata wawili kwenye kidimbwi, mpangilio wenye pindo na mji kama wa kanga. Mduara ndani ya mduara ni desturi ya mafundi wa shaba wa nchi za Kiislamu, bata ni wa China. Chini ya kombe hakuna glezi, na udongo ulio wazi umebabuka kwa moto ukawa wa rangi ya chungwa. Ukisogeza jicho karibu na petali za yungiyungi utaona vidoa vyeusi mahali ambapo brashi ilitua ikiwa na rangi nyingi. Ni chuma kilichokuwa ndani ya kobalti ya kutoka nje, kimejikusanya na kupenya juu ya glezi. Kwa fundi aliyelichora kombe lile vidoa hivyo vilikuwa kasoro. Karne ya 18 mafundi wa kifalme wa Jingdezhen, wenye kobalti safi isiyotoa doa hata moja, walikuwa wakividonoa kwa ncha ya brashi makusudi, ili vyombo vyao vifanane na vya kale. Kasoro ilikuwa imegeuka kuwa uzuri, na jambo hili litajirudia sana katika historia ninayoieleza.

Hapa huja pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Mtu anaweza kusema kwamba basi kemia imemaliza habari: watu walichora kwa buluu kwa sababu hawakuwa na kingine, na dunia ikapenda ilichopewa. Maelezo hayo yanafaa kwa mwanzo tu. Kufikia karne ya 15 mafundi wa Jingdezhen walikwisha kujua kupaka rangi nyekundu, kijani na manjano juu ya glezi na kuchoma chombo mara ya pili kwa moto mdogo. Kufikia miaka ya 1720 waliweza kuchora waridi kwa karibu kila rangi iliyomo bustanini. Sharti la kemia lilikuwa limeondoka. Kama buluu ilitawala kwa kukosa mshindani, ilipaswa kurudi nyuma mara tu washindani walipofika. Haikurudi. Ilibaki, na wengi wa waliokuwa na uwezo wa kuchagua waliendelea kuichagua.

Sababu moja ya kubaki kwake inajulikana na kila anayeosha vyombo. Rangi zilizopakwa juu ya glezi huchakaa kwa mchanga, majivu na miaka. Mchoro wa buluu umelala chini ya kioo, na bila kioo hicho kuvunjwa hakuna cha kuufikia. Tena unachomwa mara moja tu, kwa hiyo gharama ni ndogo. Lakini uimara na bei vinaeleza kwa nini chombo kinauzika, havielezi kwa nini kinapendwa. Naona sababu kubwa zaidi iko katika mchoro wenyewe. Chombo cha rangi nyingi ni picha: ondoa uwiano wa rangi na picha imeharibika. Chombo cha buluu na nyeupe ni mstari juu ya uwanja mtupu, na kwa maana hiyo kiko karibu na mwandiko kuliko picha. Mwandiko husomeka hata ukiandikwa na mkono mbaya. Padri Mfaransa François Xavier d'Entrecolles, aliyeishi Jingdezhen na kuandika barua maarufu mwaka 1712 kuhusu kazi za mji ule, alisikia kwamba chombo kimoja hupitia mikono ya watu 70. Mmoja kazi yake ilikuwa kuchora mduara chini ya ukingo na si kingine. Wa pili alichora maua kwa mistari. Wa tatu aliyajaza rangi. Wengi wao hawakuuona mchoro mzima kama kazi yao. Na bado chombo kilitoka kikiwa kitu kimoja. Sanaa inayoweza kugawanywa namna hiyo bila kufa ndiyo inayoweza pia kusafiri.

Ilisafiri kweli, na kila ilikofika ilikosewa. Mafundi wa Iznik, mwishoni mwa karne ya 15, walifanya kazi kwa mchanganyiko wenye mchanga mwingi wa kwazi, wakayaingiza majani yao wenyewe kati ya yungiyungi za Kichina, na katika vizazi vichache wakawa na sanaa yao kamili. Waholanzi walianza kuijua kauri kwa wingi baada ya kuiteka meli ya Kireno Santa Catarina mwaka 1603 na kuuza shehena yake Amsterdam. Vita vya kuanguka kwa dola ya Ming vilipovuruga viwanda vya Jingdezhen katikati ya karne ya 17, walihamishia oda zao Arita, Japani, huku mafundi wa Delft wakiziba pengo kwa udongo wa kawaida na glezi ya stani, mbinu ileile iliyoanzia Basra miaka 800 nyuma. Delft haikuwahi kutengeneza kauri halisi katika zama zake za fahari. Ilitengeneza kitu laini zaidi, kinachomeguka pembeni, chenye Wachina wa kubuni na meli za Kiholanzi. Meissen, Ujerumani, walikoipata siri ya kauri kwa kazi ya Johann Friedrich Böttger miaka ya 1708 hadi 1710, wana mchoro maarufu kuliko yote uitwao wa vitunguu. Hakuna kitunguu ndani yake. Ni makomamanga na mapichi ya Kichina ambayo macho ya Wazungu yaliyaona vitunguu, na jina likaganda. Uingereza ikafika mbali zaidi: mafundi wa Staffordshire, Josiah Spode akiwa mbele, walijua kufikia miaka ya 1780 kuchapa mchoro wa buluu kwa karatasi kutoka bamba la shaba, na ule mchoro wa mti wa mlilia wenye daraja na ndege wawili ukapewa hadithi ya wapenzi iliyobuniwa Uingereza kwenyewe. Mamilioni ya watu walikula kwenye sahani hizo wakiamini wanaitazama China.

Msomi wa aina ya Cao Zhao angezihesabu nakala hizi zote kuwa upotofu. Mimi nazihesabu kuwa ushahidi. Zilinganishe na seladoni, ile kauri ya kijani ya Longquan ambayo ilitangulia buluu sokoni na kupendwa kuanzia Japani hadi Misri. Uzuri wote wa seladoni umo katika kina cha glezi. Anayeiiga bila kuujua moto wake anabaki na bakuli la kijani kibichi lisilo na la kusema. Anayeiiga kauri ya buluu na nyeupe kwa udongo mbaya, brashi nene na kichwa kisichoelewa yungiyungi ni nini, anabaki na mchoro, na mchoro unaweza kuwa mzuri kwa namna yake. Seladoni ilihitaji mwigaji hodari. Buluu ilimvumilia kila mtu.

Pingamizi la pili linahusu heshima. Inasemwa kwamba watu walivitaka vyombo hivi kwa kuwa vilikuwa adimu na ghali, alama ya utajiri wa mbali. Ni kweli kwa wafalme. Masultani wa Uturuki walikusanya kauri za Kichina zaidi ya 10,000, na Shah Abbas wa Uajemi aliweka wakfu zaidi ya vipande 1,100 kwa ajili ya ziara ya Ardabil mwaka 1611, vikajengewa chumba chenye vishubaka kwenye kuta. Lakini kitu kinachopendwa kwa uadimu wake hupoteza mvuto kikishakuwa cha kila mtu, na hapa mambo yalikwenda kinyume. Meli ya Kiholanzi Geldermalsen ilipozama mwanzoni mwa 1752 katika bahari ya China ya Kusini, ilikuwa na kauri ambazo zaidi ya vipande 100,000 viliopolewa mwaka 1985, vingi vikiwa vya buluu na nyeupe. Mali ya maana ndani ya meli ile ilikuwa chai. Kauri, ambayo haidhuriwi na maji ya chini ya meli, ilipangwa chini kwa uzito wake, ikifanya karibu kazi ya farumi, na thamani yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya shehena. Hivyo ndivyo ilivyokuwa imeshuka bei. Na miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya wingi na mapenzi makubwa zaidi. Heshima iliondoka, mvuto ukabaki, kwa hiyo mvuto ulikuwa na mzizi mwingine.

Sasa tufike pwani. Kauri za Kichina zilifika hapa karne nyingi kabla ya Mreno, zikipitia mikono ya wafanyabiashara wa Ghuba, Yemen na Gujarati. Safari za Zheng He, kati ya 1405 na 1433, zinatajwa sana siku hizi kwenye hotuba za urafiki wa mataifa, lakini kigae hakisemi kilibebwa na nani, na sehemu kubwa ya vigae vya pwani ni vya kabla au baada ya safari hizo. Kinachonivutia ni kile ambacho watu wa pwani walikifanya na vyombo hivyo, kwa sababu walifanya kitu tofauti na Waturuki, Wajapani na Waholanzi wote. Hawakuiga. Walikuwa na wafinyanzi wao, wengi wao wanawake, waliotengeneza vyungu, mitungi na bakuli kwa wingi na kwa ustadi, na hao hawakuacha nakshi zao za kuchanja ili wachore yungiyungi. Kauri ya kigeni ilichukuliwa kama ilivyo ikapewa kazi mpya: ikawa sehemu ya jengo.

Kilwa na Songo Mnara mabakuli yalipachikwa kwenye chokaa ya kuba na madari. Kuanzia pwani ya Somalia hadi kusini ya Tanzania yamepachikwa kwenye makaburi ya nguzo, Mambrui, Kaole, Kunduchi na kwingineko. Tazama namna yalivyowekwa, maana mkono wa mwashi unasema mengi. Bakuli lilizamishwa kwenye chokaa mbichi kwa mgongo, mpaka ukingo wake ukawa sawa na uso wa ukuta. Anayepita anaona ndani tu. Nyayo ya chombo, mahali ambapo mkusanyaji wa Beijing au London hutazama kwanza ili asome alama ya mfalme na kujua kama alichoshika ni asili au nakala, imezikwa moja kwa moja. Mwashi wa Kunduchi aliyefanya hivyo katika karne ya 18 hakuhitaji kujua chombo kilitoka tanuri gani. Alikuwa na ukuta mweupe wa chokaa ya matumbawe na sahani nyeupe yenye mstari wa buluu, na vilipokutana weupe wa sahani ukaungana na weupe wa ukuta, mchoro ukabaki umesimama peke yake kwenye jua. Kaburi likapata nakshi isiyofutika kwa mvua. Seladoni nayo ilipachikwa kwenye kuta, na ilipachikwa mapema zaidi, lakini ukutani seladoni ni duara la kijani. Sahani ya buluu na nyeupe ukutani ni maandishi.

Ndani ya nyumba za mawe za Lamu na Pate mpango ulikuwa wa zidaka: safu kwa safu za vishubaka vya plasta iliyochongwa, vyenye matao madogo, kwenye ukuta wa chumba cha ndani. Humo vyombo vilisimama, na bibi harusi alionyeshwa mbele yake. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti Lamu, amedai kwamba kauri hizo hazikuwa pambo tu. Chumba cha ndani ndicho walimozaliwa watoto na walimooshwa maiti, na vyombo vyenye kung'aa viliaminiwa kukinga jicho baya na madhara ya hali hizo. Wapo wanaoona maelezo hayo yamevutwa mno, na kwamba tajiri wa Pate alitaka tu wageni wajue uwezo wake. Sioni haja ya kuchagua. Chombo kinachoweza kuwa fahari, kinga na nakshi kwa wakati mmoja ndicho ninachokizungumzia. Na kwamba watu wenyewe walikiona kuwa kiini cha nyumba, shairi la Al-Inkishafi lililotungwa mwanzoni mwa karne ya 19 ni shahidi: Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotaka kuonyesha jinsi ufalme wa Pate ulivyokwisha, alivitaja vishubaka vya vyombo ambavyo sasa vilikuwa viota vya makinda ya ndege. Kwa msikilizaji wake huo ulikuwa msiba uliofahamika papo hapo.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wanaakiolojia, na linastahili kupewa nafasi. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipotembelea Tanganyika mwaka 1955 alisema kwamba historia iliyofukiwa ya nchi hii, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa kauri za Kichina. Kauli ile ilipendwa ikarudiwa kila mahali, na ilifanya madhara. Katika maeneo mengi yaliyochimbwa pwani, vigae vya kigeni vya aina zote ni asilimia chache tu ya vigae vinavyopatikana. Vilivyobaki ni vya vyungu vya wenyeji. Historia ya pwani imeandikwa kwa vyungu vya kupikia. Kauri ya Kichina inatupa tarehe, na tunaishukuru kwa hilo, kwa sababu kigae kisichozidi ukucha kinaweza kumwambia mtaalamu karne, na pengine kizazi. Lakini uchache huo hauibomoi hoja yangu, unaipa nguvu. Jamii ambayo ilipika, ikala na kuhifadhi maji kwa vyombo vyake yenyewe haikuihitaji sahani ya Jingdezhen kwa chakula. Iliichagua kwa macho, ikaiweka mahali pa macho, mahali pa ndoa, sala na kifo.

Hata chanzo kilipobadilika uchaguzi uliendelea. Katika karne ya 19, zama za mashamba ya karafuu, Unguja na Pemba zilipokea bakuli za viwandani kutoka Uingereza na kutoka Maastricht, Uholanzi, nyingine zikiwa na maua yaliyogongwa kwa sponji au mistari ya buluu iliyozungushwa kwa haraka. Ni vyombo rahisi, visivyokuwa na hadhi yoyote huko vilikotoka. Katika mabaki ya makazi ya mashambani vinapatikana hata pale walipoishi watu wa hali ya chini, na vingine viliendelea kupangwa kwenye vishubaka vya nyumba za mawe palepale yaliposimama makombe ya Ming. Mtaalamu wa mnada angeona kushuka kwa daraja. Mwenye nyumba aliona mwendelezo, na kwa hoja ya macho naye alikuwa na haki.

Jibu la biashara tumekwisha kulipima kwa seladoni, iliyotangulia sokoni bila kudumu kama buluu. Nimelibakiza lile la kwamba buluu inapendwa na kila jicho. Ni jibu linaloonekana jepesi mpaka ulikumbuke jicho la Cao Zhao, ambalo halikuipenda. Tena kuna vitambaa, shanga na kuta za buluu katika nchi chungu nzima ambavyo havikuzunguka dunia. Rangi peke yake haitoshi, bali uhusiano wake na uwanja mweupe. Hata hivyo rangi ina historia ya jasho ambayo wapenzi wa kauri huisahau, na sasa historia hiyo imehamia kwa wasemaji wa Kiswahili. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani leo inatoka Kongo, katika machimbo ya Kolwezi na Likasi, miji ya eneo la Katanga ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani. Nyingi husafishwa China na kuingia kwenye betri za simu na magari. Kiasi kidogo bado huenda kwenye rangi. Miaka 700 nyuma kobalti ilipanda kutoka Kashan hadi Jingdezhen na kurudi ikiwa sahani iliyofika Kilwa. Sasa inatoka Katanga, na wachimbaji wadogo wanaoingia kwenye mashimo yasiyo na nguzo hupata sehemu ndogo kabisa ya thamani yake. Anayeipenda rangi hii ana wajibu wa kujua inapotoka.

Ustahimilivu ninaousifu una upande wake mbaya, na upande huo uko wazi Kaole na Kunduchi. Chombo kinachobaki kizuri kikitolewa mahali pake ni chombo kinachoibika kirahisi. Kwenye nguzo nyingi leo kuna mashimo ya mviringo tu. Baadhi ya mabakuli yamehifadhiwa kwenye makumbusho, mengine yalichokolewa kwa patasi na hayajulikani yaliko. Bakuli lenyewe halijaharibika, na kwa mnunuzi halina upungufu. Kilichopotea ni kile ambacho pwani peke yake iliongeza: kimo lilipowekwa, upande wa kaburi lilioelekea, bakuli gani lilikuwa jirani yake, mchoro upi alipewa marehemu yupi. Upana wa shimo unatuambia ukubwa wa chombo na si zaidi. Picha na vipimo vya nguzo ambazo bado zina vyombo vyake, kaburi kwa kaburi, vinahitaji watu wachache, kamera na mkanda wa kupimia, na kazi hiyo inafaa kufanywa sasa, kabla patasi haijafika.